Nyumba Iliyopewa Jina la Mpangaji: Siku Saba Tabora

Nimerudi Dar zaidi ya mwezi sasa na daftari langu bado lina madoa ya udongo mwekundu. Niliahidi kuandika mapema, kazi zikanibana. Haya yote nimeyakusanya kutoka kwenye hilo daftari na picha mia mbili na kitu za simu, nyingi zikiwa za kuta.

Safari haikuwa ya utalii. Mwishoni mwa Septemba shangazi alipiga simu akasema ukuta wa kusini wa nyumba ya babu, pale Ng'ambo, Tabora, umetoa tumbo, na mvua za Novemba zitaulaza chini. Kundi la ukoo la WhatsApp likawaka siku tatu. Baba mdogo akataka nyumba ibomolewe zijengwe fremu za maduka. Shangazi akasema labda abomolewe yeye kwanza. Wakaafikiana jambo moja tu: mimi niende nikaangalie, kwa sababu "kazi yako ni ya kompyuta, una nafasi."

Jumamosi, 12 Oktoba 2024: Dar – Dodoma – Tabora

SGR mpaka Dodoma, nauli 31,000 daraja la kawaida. Sina la kuhadithia hapo. Nililala Pugu nikaamshwa na baridi ya kiyoyozi tumeshapita Kilosa.

Dodoma ndiko nilikoanza kuliwa. Kutoka stesheni mpaka stendi ya Nanenane nilipanda bajaji bila kuuliza bei, nikalipa elfu saba. Jamaa niliyekutana naye dirisha la tiketi alilipa elfu nne kwa njia ileile. Ulizeni kabla ya kupanda. Basi la Tabora 25,000.

Manyoni tulipewa nafasi ya kula. Itigi tukapita vizuri, lami imenyooka, na huko mbele Chaya mpaka Nyahua, kipande ambacho baba alikuwa akikisimulia kama hadithi ya mashetani kwa vumbi na mchanga, sasa ni mteremko tu. Na hapohapo kwenye lami nzuri tairi la nyuma likapasuka. Konda akatangaza "dakika ishirini", ambazo kwa lugha ya makonda ni saa mbili na nusu. Kulia miombo, kushoto miombo, jua la Oktoba halina huruma.

Mama niliyekaa naye kiti kimoja alitandika kanga chini ya mti, akafungua mfuko, akaniambia, "Kula, baba, usione haya." Nikashukuru kwa matobolwa. Akacheka mpaka akashika ubavu. Hii ni michembe, akasema: viazi vitamu vinakatwa vibichi, vinaanikwa. Matobolwa vinachemshwa kwanza ndipo vinakatwa na kuanikwa. "Jina lako la huku, lakini tumbo la Kizaramo." Nilimpa maji yangu yaliyobaki. Alipokea chupa, akawapa watoto wa kiti cha nyuma.

Tuliingia Tabora saa nne usiku. Nikamwambia wa bodaboda mtaa, nikamtajia jina la babu. Hajui. Akamuuliza mwenzake, naye hajui. Wakamwita mzee mmoja wa chipsi, naye akatikisa kichwa. Nikampigia shangazi, nikiwa nimekasirika kidogo kwa niaba ya ukoo.

"Waambie kwa Fundi Cherehani."

Nilipotamka hivyo, wote watatu wakanyoosha mkono upande mmoja. Elfu mbili, dakika saba, nikawa mlangoni.

Jumapili, 13 Oktoba: Ng'ambo

Fundi Cherehani hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mpangaji. Babu alimpangisha chumba cha mbele na baraza, akashona hapo miaka mingi, sare za shule na mashuka ya maharusi, akafa kabla mimi sijazaliwa. Hati inasoma jina la babu. Kodi ya jengo, jina la babu. Mtaa mzima unasema kwa Fundi.

Nyumba yenyewe aliijenga baba yake babu kwa pesa ya karanga na nta. Ilikuwa tembe ya kweli, paa bapa la miti na udongo. Bati lilikuja wakati wa babu. Vyumba vinazunguka ua, katikati kuna mwembe. Mlango wa mbele ni wa mninga, hauna nakshi za kifahari ila mstari mmoja wa maua kwenye kipandio, na kizingiti chake kimeliwa na miguu hadi kimebonyea kama kijiko. Nilipima unene wa ukuta pale dirishani: dhiraa moja na shibiri. Nje jua linaunguza, ndani unatafuta shuka.

Sasa ubaya wake. Gonga ukuta wa kusini kwa kifundo cha kidole. Mahali pazima panajibu "du", sauti nzito, fupi. Sogea hatua mbili, panajibu kama debe tupu. Shangazi alichomeka ncha ya kisu kwenye ufa, akabanjua, na kipande cha plasta ya saruji chenye ukubwa wa sinia kikatoka kizima, kimebeba udongo mgongoni. Nyuma yake ukuta ulikuwa na unyevunyevu, na hiyo ilikuwa Oktoba, miezi mitano haijanyesha! Mchwa walikuwa wamejijengea barabara zao humo, gizani, salama kabisa.

Plasta ile aliilipia baba yangu. Mwaka 1994, alipopata kazi ya kwanza ya maana, alituma pesa ya mifuko thelathini ya saruji ili nyumba ya wazazi "ing'ae kama za wenzao." Iling'aa. Ila ukuta wa udongo unakunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa kupumua, na saruji ikauziba pua. Maji yakabaki ndani, udongo ukalegea, ukuta ukafura. Sikuwahi kumwambia baba haya na sasa siwezi.

Mchana alikuja fundi mmoja aliyeitwa na baba mdogo. Alizunguka mara moja, hakugonga popote, akasema bomoa, jenga tofali za saruji, fremu sita, milioni 38. Nikamuuliza kuhusu kukarabati. Akaniangalia kama mtu aliyeomba kufufuliwa kuku wa supu.

Jumatatu, 14 Oktoba: Kwihara

Siku hii ndiyo iliyogeuza safari, na nilikwenda kwa bahati tu. Shangazi alisema, "Kama unataka kuona tembe lililosimama, nenda Kwihara." Bodaboda kwenda, kusubiri na kurudi tulipatana 15,000. Ni kilomita chache nje ya mji. Lami inakwisha, unaingia vumbi jekundu na miembe mikubwa ajabu.

Wengi mnaijua kama Tembe la Livingstone. Ni makumbusho: jumba la udongo la rangi ya damu ya mzee, paa bapa, mlango wenye nakshi, ua katikati, ndani kuna picha, ramani na nakala za barua. Nenda asubuhi, beba maji, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, lipa kiingilio na udai stakabadhi. Siku ile wageni tulikuwa wawili, mimi na kuku.

Nilikaa kwenye kivuli nikafanya hesabu. Livingstone na Stanley walifika hapa Februari 1872 wakitokea Ujiji, walikokutana Novemba iliyotangulia. Stanley akaondoka 14 Machi kurudi pwani. Livingstone akabaki kusubiri wapagazi, watu 57 ambao Stanley aliwatuma, na 25 Agosti akaondoka kwenda kusini, safari yake ya mwisho. Jumla ni kama miezi sita. Jumba lilijengwa na Waarabu wafanyabiashara kwa utajiri wa pembe za ndovu na wa watu waliouzwa, na pembe hizo zilipita nchi hii juu ya mabega, mengi yakiwa ya Wanyamwezi. Halafu jina likaenda kwa aliyekaa miezi sita.

Nikacheka peke yangu. Fundi Cherehani!

Lakini kuna jambo la nyuma ya hapo lililonizuia kucheka zaidi. Livingstone alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Oktoba mwaka uleule akarudi Unyanyembe, yaani huku Tabora, akiwa maiti iliyokaushwa, mabegani mwa watumishi wake akina Susi na Chuma na wenzao. Mwingereza Cameron walimkuta hapa, akawashauri wamzike papa hapa. Wakakataa, wakambeba mpaka Bagamoyo. Kwa hiyo hata umaarufu wa mpangaji ulibebwa na watu ambao hakuna nyumba iliyopewa majina yao.

Kijana wa bodaboda, ambaye alikuwa amelala juu ya pikipiki muda wote, aliposikia nauliza habari za watemi akaamka. Kwake yeye historia ya huku ni Mtemi Isike, aliyewapiga Wajerumani mpaka Januari 1893, na walipomzidi akajilipua kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kushikwa. "Halafu nyie wa Dar mnadhani Ikulu ni neno la Magogoni," akasema. "Ikulu ni neno letu, ni kwa mtemi."

Tulipokuwa tunarudi, pembeni mwa njia bibi mmoja alikuwa anakandika nyumba yake. Nikamwambia dereva asimame.

"Mwangaluka, mayo."

Akaitikia, kisha akanisahihisha kwamba saa hiyo ni "mwadila", asubuhi imeshapita. Shikamoo yangu akaipokea bila masahihisho. Nikamweleza ukuta wetu. Hakuuliza gharama wala ramani, aliuliza mlichanganya udongo gani. Nikasema saruji. Akatema mate pembeni, kwa adabu.

Somo lake nililiandika papo hapo, naliweka hapa kwa mwenye nyumba ya udongo. Chukua udongo wa kichuguu, kile ambacho mchwa wameshahama. Mchwa wamekwisha kukuchekechea na kukukandia, wewe unamalizia tu. Uponde, uchekeche, uloweke usiku kucha. Asubuhi ongeza pumba za mpunga na samadi iliyochekechwa, ukanyage kwa miguu. Ili kujua kama uko tayari, viringisha kamba yenye unene wa kidole uiache ining'inie kutoka kiganjani: ikikatika mapema, mchanga umezidi, ikining'inia ndefu kama nyoka na kunata, mfinyanzi umezidi, ukuta utapasuka. Inatakiwa ikatike ikifika kama urefu wa kidole chako. Alinionyesha mara tatu. Yangu ya kwanza ilikatika kabla sijainyanyua. Akasema, "Mikono ya kompyuta." Sijui nani alimwambia.

Nilimwomba aje mjini. Elfu kumi na tano kwa siku, na mjukuu wake elfu kumi. Akakubali kwa sharti la kurudishwa kabla ya magharibi, kuku wake hawalali bila yeye.

Jumanne, 15 Oktoba

Siku ya kungoja. Mwenyekiti wa mtaa tuliyemhitaji alikuwa kwenye uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa, akasema njoo jioni, jioni akasema njoo kesho. Kenta moja ya udongo wa kichuguu, kuletwa mpaka mlangoni, 60,000. Pumba tulipewa bure mashineni kwa makubaliano kwamba tuzizoe wenyewe. Samadi ilitoka kwa jirani mwenye ng'ombe watatu. Alikataa pesa, akaomba soda. Chekeche 12,000. Jioni shangazi alipika ugali na nsansa, mboga za majani zilizokaushwa, za karanga, nikala hadi nikaona aibu.

Jumatano, 16 Oktoba: kubandua

Bibi alifika saa moja na nusu asubuhi na mwiko wake kwenye kikapu. Alizunguka nyumba yote kimya, akigonga, sikio karibu na ukuta, kama daktari. Alipomaliza akasema ukuta wa kusini mita mbili za kati ziondolewe kabisa zijengwe upya kwa tofali mbichi. Zilizobaki zinapona zikivuliwa saruji. "Hii nyumba haijafa. Imevalishwa koti la mvua wakati wa joto."

Tukaanza kubandua. Sauti ya saruji ikidondoka ndiyo iliyowaita watu. Kufika saa nne baraza ilikuwa imejaa. Wengine walikuja kwa hofu: mama muuza vitumbua alidhani tunabomoa, akaja na mikono ina unga bado, "Mnabomoa kwa Fundi? Mimi nitakaa wapi?" Anauzia pale kila alfajiri. Wazee wawili wa bao walihamisha ubao wao futi tatu pembeni wakaendelea kucheza, vumbi likiwaangukia. Watoto waliambiwa wakanyage udongo, na kwa mara ya kwanza maishani mwao wakaamrishwa kujichafua. Walikanyaga kwa kuimba.

Katika wazee wale wa bao mmoja aliniita. Ana miaka sabini na mitano. Aliniuliza kama najua Januari 1958 ilitokea nini mjini hapa. Nikajibu nilichokumbuka shuleni: mkutano wa TANU, Uamuzi wa Busara, Nyerere akawashawishi wajumbe wakubali uchaguzi wa kura tatu, kila mtu achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, badala ya kuususia. "Vizuri," akasema, "lakini wajumbe walilala wapi?" Yeye anasema wanne walilala hapa, kwenye ua, chini ya mwembe, na yeye mtoto wa miaka tisa ndiye aliyewachotea maji ya kuoga. Mmoja alimpa senti hamsini. Ile senti hamsini anaikumbuka kuliko hotuba zote.

Shangazi hajawahi kusikia habari hiyo. Baba mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni na shati jeupe akijifanya anapita tu, akauliza, "Chumba kipi?" Mzee akarudia: ua, si chumba. Baba mdogo akaenda kuutazama mwembe kana kwamba ameuona leo.

Mchana tulikandika kipande cha majaribio, upana wa mlango, upande unaopigwa na mvua. Bibi hapaki kama mafundi wetu wa saruji. Kwanza anaulowesha ukuta, kisha anatupa bonge la udongo kwa nguvu, "pa!", linashika lenyewe, ndipo anasambaza kwa kiganja. Mwiko ni wa mwisho. Alama za vidole vyake vinne zilibaki upande wa chini, akasema tuziache mpaka tabaka la pili.

Saa kumi na moja tulimrudisha Kwihara na kilo mbili za sukari juu ya malipo yake.

Alhamisi, 17 Oktoba: kikao

Kikao cha ukoo kilidumu saa nne na sitakisimulia chote, mengine ni ya ndani. Hesabu niliyoweka mezani: kubandua, tofali mbichi, miti ya kuegemeza paa, kipande cha mninga juu ya dirisha, chokaa ya kupaka ndani na ujira, jumla 4,600,000. Baba mdogo aliuliza nyumba ya udongo italeta kodi gani. Swali la haki. Ana wana wawili chuoni. Mwishowe wakakubaliana chumba cha mbele kipangishwe tena, apatikane fundi cherehani ikiwezekana, na kodi iende kwake mpaka wanawe wamalize. Ukarabati uanze na ukuta wa kusini. Mwenyekiti wa mtaa alifika dakika kumi za mwisho, akatia sahihi akiwa amesimama.

Kwa wenye nyumba za urithi: andikeni muhtasari, kila mtu atie sahihi, mpige picha ya karatasi. Mapenzi ya ndugu hayana stakabadhi.

Ijumaa na Jumamosi: kurudi

Ijumaa sokoni: asali lita tano, karanga, na mfuko wa michembe, na safari hii niliitaja kwa jina lake. Jumamosi basi moja kwa moja mpaka Dar, saa kumi na sita, magoti yakiwa kidevuni. Basi.

Nyongeza, Novemba

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha usiku wa kuamkia Jumapili. Asubuhi shangazi alinitumia picha ya kile kipande cha majaribio. Kimesimama. Kona ya chini ya kulia, karibu na zile alama za vidole, kuna ufa wa urefu wa kidole gumba. Nikampigia bibi kwa simu ya mjukuu wake, nikamsomea picha kadiri nilivyoweza. Akauliza watoto walikanyaga mpaka saa ngapi. Nikasema mpaka chakula cha mchana.

"Wangekanyaga mpaka alasiri," akasema. Alhamisi anakuja kurudia.